Mawazo mabaya hayaishi kwa kukemewa tu: niliyojifunza Kitengela na Kajiado

Disemba iliyopita nilishuka nyumbani Rabai kwa matanga ya shangazi yangu. Siku ya tatu, watu wakiwa wamepungua, binamu yangu mmoja alinivuta hadi chini ya mwembe ulio nyuma ya nyumba akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia. "Kaka, nasikia kule bara ulishikwa na mawazo mpaka ukawa si mtu. Ulitokaje?" Kabla sijafungua kinywa tukaitwa kwenda kurudisha viti vya kukodi, na kesho yake alfajiri nikapanda basi. Lakini nilimtazama usoni tulipoagana. Hakuwa akiuliza kwa udaku. Aliuliza kama mtu aliyepotea njia.

Makala haya ni jibu langu kwake, na amenikubalia niliandike hadharani kwa sababu tunajua hayuko peke yake. Naandika kama Mkristo, kwani huko ndiko nilikopitia. Wasomaji wengi wa hapa ni Waislamu, nami sidhani kwamba mtapotea humu. Neno wasiwasi tumelipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono. Ndivyo hasa mawazo mabaya yalivyo: hayapigi kelele, yananong'ona.

Na lugha yetu yenyewe ina siri yake. Mtu akisema ana wazo, twamshangilia. Akisema ana mawazo, twamwonea huruma. Tofauti ni wingi tu, lakini kila Mswahili anajua kwamba wa pili ni mgonjwa.

Kitengela, kwa wasioijua, ni mji ulio kama kilomita 30 kusini mwa Nairobi, ndani ya kaunti ya Kajiado, kwenye barabara iendayo Namanga. Zamani ilikuwa nyika ya Wamasai na ng'ombe wao, na ya nyumbu na pundamilia waliokuwa wakitoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi kwenda kutafuta malisho kusini. Leo ni maghorofa, vibao vya kuuza ploti na makanisa ya mabati yanayotazamana. Kila kabila limo. Wengi tunavuka asubuhi kwenda Athi River, kwenye viwanda vya saruji na vile vya EPZ vinavyoshona nguo za kuuzwa Marekani.

Mimi nilifika mwaka 2016, nikawa karani wa stoo katika kiwanda kimoja. Korona ilipoingia 2020 tukapunguzwa. Nikaendelea na vibarua. Akiba yangu, pamoja na mkopo wa chama, nikaiweka kwenye ploti ya futi 50 kwa 100, nikijua kwamba hata kazi zikiisha watoto watakuwa na pa kulala. Mwanzo wa mwaka 2022 nikaenda na fundi kupima msingi. Tukakuta mtu ameshajenga, kuta zimefika kwenye linta, naye ana karatasi zinazofanana na zangu.

Sasa nieleze jinsi mawazo yalivyokuja, maana hapo ndipo penye funzo. Hayakuja yote siku moja. La kwanza lilisema: umepoteza pesa. Hilo halikuwa wazo baya, lilikuwa habari, tena ya kweli. Siku chache baadaye likaja la pili: ulikuwa mjinga. Hilo tayari ni hukumu. Kisha la tatu: umekuwa mjinga maisha yako yote, huna ulichowahi kugusa kikafaulu. Na mwisho, mnamo saa tisa usiku, mke na watoto wamelala na malori ya Namanga yananguruma barabarani, likaja la nne, kwa sauti ya upole kabisa: hawa wangekuwa na nafuu kama wewe usingekuwepo.

Tazama ngazi hiyo. Habari, hukumu, kisha adhabu. Nilipanda ngazi yote bila kugundua kwamba nimeondoka chini, kwa sababu kila wazo lilivaa nguo za lile lililotangulia. Kwa kuwa la kwanza lilikuwa kweli, nikaona na la nne ni kweli.

Nilikwenda kwa mtumishi mmoja. Akaniwekea mikono, akakemea roho ya kukata tamaa, nami nikatoka pale mwepesi kweli kweli. Sitaki kumdharau, maana kuguswa bega na mtu anayekutakia mema si kitu kidogo. Ila wepesi ule ulidumu mpaka Jumatano. Niliporudi nikaambiwa kwamba kama pepo amerejea, basi imani yangu ndiyo haba. Nikarudi nyumbani na wazo la tano, ambalo sikwenda nalo: hata Mungu amekuchoka.

Nadhani hili ndilo kosa kubwa tunalofanya makanisani, na nasikia hata misikitini halikosi. Twamwambia mtu aliyelemewa kwamba uzito wake ni ushahidi wa imani ndogo. Mtu ambaye kichwani mwake tayari kuna mwendesha mashtaka, twamwongezea wa pili, huyu akiwa na maikrofoni.

Aliyenivuta mkono alikuwa mzee mmoja wa Kimasai, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye binti yake husali kanisa letu. Alikuwa akija Kitengela mara moja moja kumwona binti na kununua dawa ya mifugo. Jumapili moja baada ya ibada akaketi kando yangu kwenye benchi, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kijana wangu, wewe hulali." Halikuwa swali. Akanialika kwake.

Basi mwezi wa Oktoba 2022 nikapanda matatu kwenda Kajiado, safari ya kama kilomita 50 kupitia Isinya. Mnaokumbuka mwaka ule mnajua nilikutana na nini njiani. Tangu mwisho wa 2020 mvua zilikuwa zimegoma msimu baada ya msimu, na kabla ya mwaka kuisha ikatimia misimu mitano mfululizo katika pembe hii ya Afrika. Kando ya barabara mizoga ya ng'ombe ilikuwa imelala kama magunia yaliyomwagwa. Hata harufu ilikuwa imekwisha, imebaki ngozi na mbavu.

Mzee alikuwa na ng'ombe 60. Nilipofika walibaki 9. Kwa Mmasai, ng'ombe si mali ya kuweka benki tu. Ndio mahari, ndio karo, ndio jina la mtu akitajwa mbele ya wenzake. Nilikuwa nimekwenda kulilia ploti mbele ya mtu aliyezika ng'ombe 51, nikaona haya. Yeye akaniletea kiti na chai ya rangi, akaomba radhi kwamba maziwa hakuna.

Tukakaa chini ya mgunga. Nilitarajia mahubiri. Badala yake akaniuliza nimekula nini jana, nikakumbuka kwamba sikuwa nimekula. Akaniuliza nimelala saa ngapi. Kisha akaanza kunisimulia habari za nabii Eliya katika 1 Wafalme 19, kama mtu anayesimulia mambo ya jirani yake.

Wengi tunamjua Eliya wa mlima Karmeli, aliyeshusha moto. Tunaisoma sura ya 18 kwa shangwe, tunairuka ya 19. Mtu yule yule, muda mfupi tu baada ya ushindi ule, alitishwa na Yezebeli akakimbia mpaka Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake pale, akaenda mwendo wa siku moja jangwani peke yake, akaketi chini ya mti mmoja mdogo wa jangwani akamwomba Mungu amwondolee uhai. Nabii. Si mtu wa imani haba.

"Sasa," mzee akasema, "Mungu alimjibu nini kwanza?"

Nikajaribu: alimtia moyo? Alimkumbusha ahadi? Mzee akacheka. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, na kando ya kichwa chake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili akamlisha tena kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Hakuna karipio mahali popote. Neno lilikuja baadaye sana, baada ya siku 40, mlimani Horebu, naye akiwa ameshashiba na kulala.

Na neno lenyewe lilikuwa swali: unafanya nini hapa? Eliya akatoa malalamiko yake yote, akamalizia kwa kusema kwamba amebaki peke yake. Akaulizwa tena, akarudia yale yale. Mungu hakumwambia asiwaze hivyo. Alimpa kazi, akampa Elisha wa kumfuata na kumsaidia, kisha akamsahihisha hesabu: wapo watu 7,000 katika Israeli ambao hawakumpigia Baali goti. Yaani wazo la Eliya lilijibiwa kwa idadi. Alisema mmoja, akaambiwa elfu saba.

Nilikula kwa mzee siku hiyo, ugali na kabichi, nikalala kwenye mkeka mchana kutwa kama mtoto. Nilipoamka jua lilikuwa linatua. Sijui kama mnaelewa furaha ya kulala baada ya miezi ya kutazama dari.

Jioni ile akanifundisha la pili. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya kuyateka mawazo, kuyafanya mateka wa Kristo. Mimi siku zote nilidhani maana yake ni kuyafukuza. Mzee akaniuliza, "Mateka anafukuzwa?" Mateka anakamatwa, anakalishwa chini, anahojiwa. Umetoka wapi? Umetumwa na nani? Shahidi wako nani? Wazee wa Kimasai wakisikiliza kesi chini ya mti hawamwamini mtu kwa sababu amesema kwa sauti ya uhakika. Wanasikiliza mpaka mwisho, kisha wanauliza. Wazo nalo lipewe nafasi yake ya kusema, na likimaliza liulizwe.

Nilidhani ni hekima ya mzee mwenyewe. Baadaye, nilipoanza kusoma, nikakuta kwamba njia hii ina umri mkubwa, tena ilianzia barani mwetu. Katika jangwa la Misri, miaka zaidi ya 1,600 iliyopita, aliishi mtawa aitwaye Evagrius, mzaliwa wa Ponto katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Alifariki mwaka 399. Watawa walihamia jangwani wakidhani wamekimbia dunia, wakakuta dunia imewafuata kichwani. Evagrius akayapanga yanayowasumbua katika mawazo manane, na huzuni ni mojawapo. Jingine ni ule uchovu wa roho unaomjia mtu adhuhuri, jua likaonekana halisogei, akachoka na chumba chake, kazi yake na ndugu zake. Kila mlinzi wa stoo anaujua.

Alilofundisha Evagrius ni kwamba hatuna uwezo wa kuzuia wazo lisije. Tulilo nalo ni uwezo juu ya kukaa kwake: likae au liondoke. Kwa hiyo kujiwa na wazo si dhambi wala si kushindwa. Halafu akaandika kitabu kizima cha kujibu. Kila wazo ameliandika kama linavyosema, na kando yake akaweka andiko la kulijibu, karibu majibu 500 kwa jumla. Alimfuata Yesu mwenyewe, ambaye jangwani hakumpigia mjaribu kelele bali alimjibu neno kwa neno.

Miaka ya 1960, huko Philadelphia, daktari Aaron Beck alianza kugundua kwamba wagonjwa wake wa sonona walikuwa na mawazo mepesi yanayopita upesi, ambayo wao wenyewe hawakuyaona, na kwamba mtu akifundishwa kuyanasa, kuyaandika na kuyapima kwa ushahidi, hupata nafuu. Tiba iliyotokana na kazi yake leo inatumika dunia nzima. Sisemi daktari aliiga mtawa. Nasema watu wawili waliochunguza kichwa cha binadamu kwa uaminifu wamekuta mlango ule ule.

Basi nikanunua daftari la shule, la kurasa 32. Nikapiga mstari katikati. Kushoto wazo, kulia jibu. Nitawaonyesha machache, ingawa naona haya kidogo.

Kushoto: huna ulichowahi kugusa kikafaulu. Kulia: Samweli alisimamisha jiwe liwe ukumbusho kwamba hadi pale walipofika Bwana alikuwa amewasaidia, nami mawe yangu ni haya: nimesomesha mdogo wangu mpaka cheti cha uuguzi, hesabu za stoo kwa miaka minne hazikupungua hata katoni moja, binti yangu anaogelea kwa sababu nilimfundisha mimi. Yako matatu. Wazo lilisema hakuna hata moja, kwa hiyo ni shahidi wa uongo.

Kushoto: watu wote wanakucheka. Kulia: wote ni nani? Taja majina. Niliweza kutaja mawili, na mmoja wao alinikopesha nauli wiki iliyofuata.

Kushoto: Mungu amekuchoka. Hapa nilikaa siku nyingi. Jibu nililipata katika Zaburi, si zile tunazoimba kwenye sherehe bali zile nyingine. Kati ya Zaburi 150, kama theluthi ni malalamiko. Ya 88 inaanza kwa kilio na kumalizikia gizani, bila aya ya shukrani mwishoni ya kutuliza wasikilizaji. Walioikusanya hawakuiondoa wala hawakumtengenezea mwimbaji mwisho mzuri. Na katika ya 42 mwimbaji anageuka na kuisemesha nafsi yake mwenyewe, anaiuliza imeinama kwa nini. Nikaandika: anayemlalamikia Mungu bado anazungumza naye. Waliochokana hawazungumzi.

Sisi watu wa Rabai tungepaswa kulijua hili mapema. Tunajivunia kwamba Krapf na Rebmann walikuja kwetu mwaka 1846. Mara chache tunasimulia kwamba Krapf, alipofika Mombasa mwaka 1844, alimzika mkewe Rosine mwezi Julai mwaka huo huo, na mtoto wao mchanga siku chache baadaye. Kaburi liko upande wa bara, kule Nyali. Kanisa letu limeanzia kwenye kaburi, halafu sisi tunamwona mwenye huzuni kuwa ameliaibisha.

Nirudi kwenye daftari, maana limebaki wazo moja. Lile la nne. Hawa wangekuwa na nafuu kama usingekuwepo.

Nililiandika kushoto. Kulia nikaandika majibu matatu, yote mazuri, yote ya Biblia. Usiku likarudi na majibu yake. Nikaandika mengine. Likarudi tena. Nilipomwonyesha mzee ukurasa ule kwa mara ya kwanza nilimwona akibadilika uso. Akafunga daftari. "Hili," akasema, "hulijibu wewe. Hili unalipeleka kwa watu. Usiku huo huo." Eliya, akanikumbusha, alikuwa amemwacha mtumishi wake Beer-sheba. Alipotamani kufa alikuwa peke yake, na kila alichofanyiwa tangu hapo, mpaka kupewa Elisha, kilikuwa ni cha kumtoa kwenye upweke ule.

Hapo ndipo ninapotaka kila msomaji anielewe vizuri. Mawazo ya kujidharau unaweza kuyahoji mwenyewe kwa daftari na maombi. Wazo la kutokuwepo usibishane nalo peke yako. Mwamshe mtu. Mimi nilimwamsha mama watoto. Nilidhani atalia au atanishangaa. Alisema, "Nilikuwa nangoja uniambie," akawasha taa, akaweka maji ya chai jikoni. Asubuhi tukaenda pamoja hospitali ya umma. Kama huna wa kumwamsha, Msalaba Mwekundu wa Kenya una namba ya bure, 1199, na upande wa pili kuna mtu aliyefunzwa kusikiliza.

Hospitalini niliulizwa maswali machache ya wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kujiona mwenye hatia, kukosa raha katika nilivyovipenda, na hilo wazo lenyewe. Muuguzi hakuniuliza dini. Alisema ni sonona, kwamba inatibika, akanipangia siku za kurudi kuzungumza, na dawa kwa miezi kadhaa. Niliogopa kwamba kumeza dawa ni kumkana Mungu. Mzee alinijibu kwa simu kwamba mkate wa Eliya nao ulipikwa juu ya makaa.

Kuna hofu nyingine iliyokuwa na msingi wakati ule. Kifungu cha 226 cha sheria yetu ya adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, na angeweza kufungwa hadi miaka 2. Watu walifika hospitalini wakasema wameanguka, ili wasifikishwe polisi. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Kwa hiyo binamu yangu, na wewe mwingine, mkienda leo mkasema ukweli, mnasema kama wagonjwa.

Na kwetu Pwani hatuwezi kuzungumza imani na akili bila kuitaja Shakahola. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule wa Kilifi. Wafuasi walikuwa wameambiwa hospitali na shule ni za shetani, wakatengwa na jamaa zao, wakanyimwa chakula kwa jina la Mungu. Nikiisoma habari ile sambamba na 1 Wafalme 19 naona kila kitu kimepinduliwa. Mungu wa Eliya alimkuta mtu anayetaka kufa jangwani, akampelekea mkate. Hicho ndicho kipimo changu sasa cha mahubiri yoyote juu ya mawazo: yananipeleka kwenye chakula, usingizi, watu na daktari, au yananiondoa huko?

Kesi ya ploti bado iko. Kazi nimepata ndogo, duka la vifaa vya ujenzi, mshahara si kama wa kiwanda. Mawazo bado huja. Wiki ya kulipa karo huja yote kwa foleni. Ila nayajua sauti, na mengine yameandikwa daftarini na jibu lake liko pale tayari, sina haja ya kulitunga upya saa tisa usiku kichwa kikiwa kimechoka. Mzee alipata mvua 2023, na ng'ombe wake wamefika 14. Ananitumia picha ndama akizaliwa.

Juzi binamu alinipigia. Salio lake likakatika, nikampigia mimi, tukazungumza karibu saa nzima. Amenunua daftari lakini hajaandika kitu, anaona aibu hata ya karatasi. Nimemwambia aandike la kwanza tu, lile la habari, lililo kweli: deni ni shilingi ngapi, la nani, tangu lini. Nikamuuliza kuhusu lile jingine. Akanyamaza, kisha akasema lipo. Nikamuuliza kama kuna mtu nyumbani, akasema dada yake. Nikaomba ampe simu. Dada atalala chumba cha pili mlango ukiwa wazi, na Jumatatu asubuhi wataenda pamoja hospitali ya Mariakani.